Jibu: Herufi QJ, JS na SY kwenye vichwa vya treni vya China

Ndugu, umeuliza QJ, JS na SY, herufi zilizoandikwa kwenye vichwa vya treni vya mvuke vya China, zina maana gani na utazitofautishaje kwenye picha. Herufi hizo ni vifupisho vya majina ya Kichina, na mengi ni kaulimbiu za siasa: QJ ni Qian Jin, "songa mbele", JS ni Jian She, "ujenzi", SY ni Shang You, "lenga juu". Ile JF ya zamani ni Jie Fang, "ukombozi", jina walilobandika kwenye injini iliyotokana na Mikado, aina ya injini ya Wajapani yenye magurudumu makubwa manne kila upande!

Kwenye picha, hesabu magurudumu makubwa ya upande mmoja. Ukipata matano, ni QJ. JS na SY zote zina manne, ila SY ni ndogo, ya migodini na viwandani. Ukikwama, soma herufi ubavuni, chini ya dirisha la dereva.

Mimi napenda QJ. Ilifuata mchoro wa injini ya Kisovieti iitwayo LV, na kiwanda cha Datong kiliendelea kuiunda hadi 1988. Kwenye reli ya Jitong, Mongolia ya Ndani, zilikuwa zikifungwa mbili mbili kupandisha mizigo mlima wa Jingpeng, mpaka Desemba 2005.