Maswali ya Wasomaji: Mtoto anapochanganya mzingo na eneo

Mwezi huu tumekusanya maswali ya walimu na wazazi kuhusu mada moja ya Hisabati inayosumbua watoto kuanzia Darasa la Tatu hadi la Sita.

SWALI: Ninafundisha Darasa la Nne. Wanafunzi wanazijua kanuni zote mbili, hata wanaziimba. Nikiwapa mstatili wenye urefu wa sm 7 na upana wa sm 4, nusu ya darasa huandika kwamba mzingo wake ni 28. Nimerudia kanuni mpaka nimechoka. Tatizo ni nini? *(Mwalimu, Singida)*

JIBU: Tatizo, mwalimu, ni kwamba kanuni zimetangulia vitu vyenyewe. Mtoto anaona namba mbili, 7 na 4, na anajua lazima azijumlishe au azizidishe. Hana kinachomwonyesha lipi lifanyike wapi, basi anabahatisha. Ziweke kanuni kando kwa vipindi vinne au vitano, na mikono ya watoto ifanye kazi mbili tofauti kabisa: mzingo upimwe kwa uzi, eneo lipimwe kwa kufunika.

Kwa mzingo, kila wanafunzi wawili wapate uzi wa meta 1. Usiwape sufi ya kufumia, maana huvutika na vipimo havitalingana. Uzi wa kushonea magunia unafaa. Mmoja ashike ncha kwenye kona ya jalada la daftari, mwenzake auzungushe pembezoni mpaka urudi kona ileile, wabane hapo kwa kidole, kisha waunyooshe. Rula ya sm 30 haitoshi, na mtoto anayeihamisha mara tatu hukosea kidogo kila anapoihamisha. Afadhali uchore sakafuni kwa chaki mstari wa meta 1 wenye alama kila baada ya sm 10. Wakishapata jibu la uzi, ndipo wapime pande nne kwa rula, wajumlishe na kulinganisha. Hapo zunguka ukaangalie rula zinavyowekwa: mtoto anayeanzia kwenye 1 badala ya 0 husoma sm 1 zaidi kila upande, na mzingo wake huzidi kwa sm 4. Ukiona majibu yanayozidi kwa 4, usilaumu kujumlisha.

Kwa eneo, anza na visoda. Wavipange juu ya jalada mpaka visiingie zaidi, kisha uulize: daftari limefunikwa lote? Watakuonyesha wenyewe nafasi zilizobaki kati ya kisoda na kisoda. Sasa wape miraba ya sm 5 kwa sm 5 uliyokata kwenye boksi, pamoja na kipande cha boksi cha sm 20 kwa sm 15. Miraba 12 inakifunika bila kuacha pengo: safu 3, kila safu miraba 4. Anayeona safu 3 za miraba 4 atazidisha mwenyewe, kwa sababu hakuna mtoto anayependa kuhesabu kimojakimoja.

Na kanga isikose darasani. Ina mji katikati na pindo kuzunguka, nayo inajulikana kila nyumba. Itandaze mezani. Anayeuliza uzi kiasi gani utashona ukingo wote anauliza mzingo. Anayeuliza kitambaa kiasi gani kimo ndani ya ukingo huo anauliza eneo. Ila uwe mwangalifu: pindo lenyewe lina upana, kwa hiyo nalo lina eneo lake. Mzingo ni ule ukingo wa mwisho, pale kitambaa kinapokoma.

Jambo la mwisho, nalo hupuuzwa sana: chagua namba za mifano. Mraba wa sm 4 una mzingo wa sm 16 na eneo la sm za mraba 16. Mstatili wa sm 6 kwa sm 3 una 18 na 18. Mifano hii ikija wiki ya kwanza, aliyekosea njia anapata namba ileile na tiki nyekundu juu yake. Iweke mpaka mwisho wa mada, ndipo uwaulize kwa nini namba zimefanana na bado si kitu kimoja.

SWALI: Mwanangu wa Darasa la Tatu alichora kwenye daftari la miraba mstatili wa miraba 5 kwa 3. Akaambiwa atafute mzingo, akahesabu miraba ya pembeni akapata 12. Mwalimu ameandika 16. Mbona mtoto alihesabu vizuri? *(Mzazi, Tanga)*

JIBU: Alihesabu vizuri, ila alihesabu kitu kingine. Amehesabu miraba, na mzingo ni mistari. Mraba wa kona una pande mbili zinazotazama nje, lakini yeye ameuhesabu mara moja tu. Kona ni nne, kwa hiyo amepungukiwa na 4. Kwenye mstatili wowote wenye angalau miraba 2 kila upande, kosa hili hupunguza 4 kamili, na ndivyo mwalimu anavyoweza kulitambua bila hata kuuliza.

Nyumbani mpe kalamu ya rangi aukaze mstari wa nje, akihesabu kwa sauti kila kipande anachokipita. Akifika kona, mkono utageuka na hesabu itaendelea. Kwa kawaida michoro mitatu inatosha.

SWALI: Kwa nini wanafunzi husema meta 1 ya mraba ni sm za mraba 100, na nifanyeje? *(Mwalimu, Kigoma)*

JIBU: Kwa sababu meta 1 ni sm 100, na neno "mraba" wanaliona kama pambo. Chora sakafuni mraba wenye upande wa meta 1, kisha kata kwenye boksi mraba wa sm 10 kwa sm 10 uliochorwa mistari ya sentimita ndani. Huo una sm za mraba 100. Uweke kwenye kona. Kumbe haujafunika hata sehemu ndogo! Safu moja hubeba 10 ya namna hiyo, na safu ni 10. Ni vipande 100 vyenye 100 kila kimoja, yaani 10,000.

SWALI: Je, maumbo yenye mzingo sawa huwa na eneo sawa? Wanafunzi wangu wa Darasa la Tano wanaamini hivyo. *(Mwalimu, Lindi)*

JIBU: Hapana, na wasiambiwe, walione. Chukua wavu wa meta 24 wa kuzungushia bustani ya mchicha ya mstatili. Kila kikundi kichore bustani yake kwenye daftari la miraba, mraba mmoja ukiwa meta 1. Upana wa meta 1 na urefu wa meta 11 hutoa meta za mraba 11 tu. Meta 2 kwa 10 ni 20, 3 kwa 9 ni 27, 4 kwa 8 ni 32, 5 kwa 7 ni 35, na 6 kwa 6 ni 36. Wavu ni uleule, mchicha zaidi ya mara tatu. Kesho yake geuza: wape miraba 12 ya boksi wapange mistatili. 1 kwa 12 ina mzingo wa 26, 2 kwa 6 ina 16, 3 kwa 4 ina 14.

SWALI: Huku kwetu ekari hupimwa hatua 70 kwa 70. Nilipowapa wanafunzi wa Darasa la Sita wapime kwa meta, jibu halikufika ekari moja. Nani amekosea? *(Mwalimu, Morogoro)*

JIBU: Ile 70 asili yake ni yadi. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 ni 4,900, tofauti ndogo mno. Yadi moja ni sm 91.44, karibu na hatua ndefu ya mtu mzima, ndiyo maana hatua zilifaa. Lakini anayetumia meta 70 kwa 70 anapata meta za mraba 4,900, wakati ekari ni karibu 4,047. Kwa meta, ekari ya mraba ina upande wa karibu meta 64.

Wanafunzi wako bila shaka walitumia hatua zao wenyewe. Hatua ya sm 60 ikirudiwa mara 70 ni meta 42, na 42 kwa 42 ni meta za mraba 1,764, chini ya nusu ekari. Hatua imepungua kwa theluthi moja hivi, eneo limepungua zaidi ya nusu, kwa sababu upungufu umeingia kwenye urefu na kwenye upana pia. Kabla ya kwenda uwanjani, kila mmoja atembee hatua 10 za kawaida kando ya futi kamba, agawe kwa 10, na aandike urefu wa hatua yake nyuma ya daftari. Akishapima uwanja kwa hatua, abadilishe kila upande kuwa meta kwanza, ndipo azidishe.