Mkuu, usilipie hizo roli 40: "inchi 11 na robo" haikuambii kitu

Mkuu, simamisha hayo malipo. Kama hujabonyeza, usibonyeze. Kama umeshabonyeza, wapigie benki sasa hivi, halafu rudi umalizie kusoma.

Umeuliza roli za zamani (zile karatasi ndefu zenye matundu yanayoiambia piano ipige noti gani) za piano yako ya sarafu, Seeburg L, inayojipiga yenyewe ukitumbukiza hela, zinapatikana wapi, zinatunzwaje, na kama uchukue boksi la roli 40 ambalo muuzaji anakuachia "kwa bei ya kutupa" kwa kuwa amepima karatasi na upana ni inchi 11 na robo, sawasawa na yako. Naanza na hilo boksi maana ndilo linaloniwasha. Upana uleule, maneno yaleyale, mpaka hilo "bei ya kutupa". Mimi zilikuwa roli 36, na kweli ilikuwa ya kutupa, ila kilichotupwa ni hela yangu.

Inchi 11 na robo, yaani milimita 285 na ushee, ni upana wa roli nyingi sana zilizotobolewa Marekani enzi zile. Roli za piano za nyumbani za noti 65, upana huo. Za nyumbani za noti 88, upana huo. Roli za aina ya A, ndizo inazokula Seeburg L yako, upana huo. Roli za G, za mashine zenye ngoma ndani, upana huo. Roli za O, za piano za sarafu za chapa ya Coinola, upana huo huo. Watengenezaji walikutana Buffalo mwaka 1908 wakakubaliana kwamba piano za nyumbani zitumie karatasi ya upana huo, noti 65 kwa matundu 6 kwa inchi na noti 88 kwa matundu 9 kwa inchi. Watu wa piano za sarafu wakachukua karatasi ileile wakapanga matundu yao wanavyojua. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "zinaingia, nimepima upana" ni sawa na anayekuuzia ufunguo wa nyumba kwa sababu urefu wake umelingana na wa kwako.

Sasa sikiliza mtego ulipo, maana ungekuwa wa kijinga hakuna ambaye angenaswa.

Roli ya A ina nafasi 65 za matundu, 6 kwa inchi. Roli ya nyumbani ya noti 65 nayo ina nafasi 65, 6 kwa inchi. Ukizilaza pamoja mezani utaapa ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba ya nyumbani inatumia nafasi zote 65 kwa noti, wakati ya A inatumia 58 tu. Saba zilizobaki, zile za pembeni kabisa kushoto na kulia, zina kazi za mashine: pedali ya kuendeleza sauti, pedali ya kupunguza sauti, mlio wa mandolini, chombo cha ziada kama marimba au filimbi, kuanza kupiga, kurudisha roli nyuma, na kuzima.

Noti za katikati zinaangukia mahali pake. Ndiyo maana ukiiweka roli ya nyumbani kwenye piano yako inapiga, na inapiga vizuri! Unaita familia, unatumbukiza senti 5, watu wanapiga makofi. Kisha muziki unapanda kwenye noti za juu kabisa, tundu linapita kwenye nafasi ambayo kwa mashine yako maana yake ni "rudisha nyuma", na piano inaanza kurudisha roli wimbo ukiwa katikati. Au inazima tu, kimya, kama umeme wa mgao. Noti za besi nazo zinakanyaga pedali, sauti zote zinarundikana kama uji. Wimbo ukibahatika kufika mwisho, hakuna tundu la kurudisha lililowekwa pale, kwa hiyo mota inaendelea kuvuta karatasi mpaka ichanike pale ilipogundishwa kwenye spuli, ule mche inaokunjiwa.

Hapo bado hujafika kwenye kosa ghali zaidi.

Roli nyingi za nyumbani za noti 65 zina pini mwishoni mwa spuli, vijiti viwili vinavyotokeza nje. Haziingii kwenye mashine yako. Hii ni neema! Ni mlango uliofungwa ili usiingie kisimani. Lakini yuko fundi, simtaji, mwenye duka lenye vumbi na sauti ya kujiamini, ambaye hushauri watu hivi: "Hamisha karatasi kwenye spuli nyingine, kazi ya dakika kumi." Dakika kumi kweli. Unakata karatasi kwenye spuli ya zamani, unaigundisha kwenye mpya, unatupa zile zenye pini kwa sababu "hazina kazi". Zidisha mara 36. Ukija kugundua umepigwa, unajaribu kuwauzia wenye piano za nyumbani za noti 65, nao wanauliza swali moja tu: spuli zake ziko wapi? Bila spuli za pini, kwao ni karatasi ya kufungia maandazi. Yaani roli haifai kwako na haifai kwa waliokuwa tayari kuilipia. Hasara mara mbili kwa ushauri wa bure. Na kumbe yule fundi mwenyewe hajawahi kumiliki piano ya sarafu, anatengeneza za kanisani.

Kanuni yangu ni hii moja: hulipi hata senti kabla hujaona picha ya rula imelazwa juu ya matundu. Ile picha ya rula inayoonyesha upana tu, ukingo hadi ukingo wa karatasi, peleka kwenye albamu ya harusi, haikusaidii.

Anza na mashine yako kwanza, maana wapo wanaodhani wana A kumbe piano ilishabadilishwa. Fungua mlango, tafuta ile baa ya shaba yenye matundu ambayo karatasi inapita juu yake, mafundi wanaiita traka. Pima kutoka katikati ya tundu la kwanza hadi katikati ya tundu la 13. Ukipata inchi 2 kamili, milimita 50.8, hiyo ni 6 kwa inchi. Ikiwa inchi 2 zinaangukia tundu la 19, ni 9 kwa inchi. Hapo ama una mashine ya O, ama mtu alichukua piano ya nyumbani ya noti 88 akaipachika kisanduku cha sarafu, na kazi hiyo imefanyika sana. Kisha hesabu matundu yote. Kwa A, kutoka katikati ya la kwanza hadi katikati ya la 65 ni kama milimita 271.

Sasa roli. Mwambie muuzaji afungue karatasi mpaka wimbo uanze, alaze rula kwa upana juu ya sehemu yenye matundu mengi, apige picha kwa karibu. Tafuta matundu mawili yaliyo jirani kabisa, katikati hadi katikati. Milimita 4.2 ni 6 kwa inchi. Milimita 2.8 ni 9 kwa inchi. Angalia usije ukapima matundu yaliyoachana: milimita 8.5 inakubali zote mbili, kwa kuwa nafasi mbili za 6 kwa inchi ni sawa na nafasi tatu za 9. Pima jirani wa karibu kuliko wote, na upime sehemu kadhaa. Ndiyo maana pia roli ya 88 ikiwekwa kwenye piano yako haitoi kelele tupu. Kila tundu la tatu linaangukia penyewe, kwa hiyo unasikia kitu kinachokaribia muziki, kama redio iliyo katikati ya vituo viwili. Watu wamevunjavunja pampu na mivukuto wakitafuta ubovu ambao haupo.

Picha ya pili ni ya kichwa cha karatasi. Sisemi boksi, nasema karatasi. Maboksi yamebadilishana roli kwa miaka mia, boksi halina kiapo. Roli ya A kwa kawaida ina nyimbo kumi, na orodha yake imechapishwa au kubandikwa mwanzoni pamoja na namba na jina la kampuni: Automatic Music Roll Company, iliyokuwa mkono wa Seeburg wenyewe, au Clark Orchestra Roll Company ya DeKalb, Illinois, au Capitol na Columbia za Chicago. Ukiona jina la wimbo mmoja tu, na maneno ya kuimba yamechapishwa pembeni, hiyo ni ya sebuleni. Usidanganywe na tangazo linalosema "mtindo wa piano za baa". Ziko roli za 88 zilizopangwa ziigize sauti hiyo, na ni nzuri, kwa mwenye piano ya 88.

Ya tatu, ncha zote mbili za spuli. Ukiona pini, aga kwa heshima.

Ya nne, pale wimbo wa kwanza unapoisha na wa pili kuanza. Lazima kuwe na kipande kitupu chenye tundu la kuzima pembeni, kwa sababu sarafu moja ni wimbo mmoja. Hakuna kipande hicho, hiyo si roli ya piano ya sarafu.

G ni kisirani kingine. Ina 6 kwa inchi, ina nafasi 65, ina nyimbo kumi, ina vipande vitupu, inapita mitihani yote hiyo. Inakufelisha kwenye herufi tu: nafasi zinazopiga ngoma na matoazi kwenye mashine ya G zina kazi nyingine kwako. Kwa hiyo isome ile herufi iliyo mbele ya namba, na kama imefutika, linganisha na mchoro wa mpangilio wa matundu. Usikisie.

Na wewe unalalamika wakati una bahati! A ndiyo aina iliyotumiwa na kampuni nyingi kuliko zote, Seeburg, Western Electric, Nelson-Wiggen na wenzao, na zinatobolewa upya mpaka leo. Mwenye Wurlitzer anabanwa na roli za Wurlitzer tu. Mwenye Link ya Binghamton anatafuta karatasi isiyo na mwisho, imejikunjakunja ndani ya kabati bila spuli kabisa. Mwenye Berry-Wood ya Kansas City anatafuta na kuomba dua. Kampuni hizi zilikuwa kama watengenezaji wa simu na chaja zao.

Kwa kupiga kila siku chukua zilizotobolewa upya. Karatasi ni mpya, aina inajulikana, na anayezitoboa anakuuliza una mashine gani kabla ya kukuuliza hela, jambo ambalo yule wa boksi hakukuuliza. Za zamani zinaingia sokoni kupitia matangazo ya wanachama wa AMICA na Musical Box Society International, vyama vya wakusanyaji wa ala za muziki zinazojipiga zenyewe. Huko ukiandika "inchi 11 na robo" peke yake watakucheka, na watakuwa na haki.

Na kama ukiipata iliyochanika, usiguse selotepu. Gundi yake inatoka, inashika mzunguko wa juu yake, na ukija kuifungua inang'oa matundu. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, acha ikauke kabisa kabla ya kukunja.

Piga picha traka yako na rula juu yake, mwombe muuzaji hizo picha nne za roli tatu zozote utakazochagua wewe, siyo atakazochagua yeye, uzibandike hapa. Akianza kusema "sina muda wa kufunguafungua" au "mtu mwingine ananisubiri", muache aende na huyo mtu mwingine.