Skrubu imeshashika, mbona jino siwekewi?

SWALI: Dokta shkamoo. Nimepandikiziwa implanti, ile skrubu ya kushikilia jino bandia, kwenye taya la chini, gego lilishang'olewa siku nyingi. Sa hivi niko wiki ya tatu, maumivu hakuna, na siku ile ya kufungwa daktari mwenyewe alisema imekaza vizuri. Sasa ananiambia mpaka miezi mitatu ndo niwekewe jino juu. Mume wangu anasema navutwa vutwa tu nilipie marudio mengi. Kweli?

JIBU: Marahaba. Mwambie shemeji apoe kidogo, maana umeniandikia wiki ambayo mimi ndo naiogopa kuliko zote. Iko hivi, siku ya kwanza skrubu inashika kama skrubu yoyote ile kwenye mbao, ni meno yake yameng'ata mfupa basi. Baada ya hapo mwili unaanza kuula ule mfupa uliobanwa na kuchubuliwa wakati wa kutoboa, halafu unajenga mpya, ila kubomoa kunatangulia kujenga, kwa hiyo kati ya wiki ya pili na ya nne hivi implanti inashika kidogo kuliko siku uliyotoka kitini, na wewe husikii chochote! Ukiitafunia hapo ikawa inacheza hata zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, mwili unaweka nyama laini badala ya mfupa, na hiyo haishiki tena, inatolewa. Mafundi wanasema zege halilali, bana hili linalala.

Hata huko mfupa kugandana na skrubu kwenyewe kuligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952 huko Lund, Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachungulia damu inavyotembea ndani ya mfupa wa mguu wa sungura kwa kidude cha metali ya titani, alipotaka kukitoa kikagoma, mfupa umeshakikumbatia. Mwaka 1965 akamwekea implanti binadamu wa kwanza, Gösta Larsson, na yule bwana aliyatumia meno hayo mpaka anafariki 2006.

Zamani walisubiri hadi miezi sita kwa taya la juu. Siku hizi titani inakwaruzwa kwa mchanga na asidi ili mfupa upande haraka, kuna wanaomaliza kwa wiki sita mpaka nane, na kuna wanaowekewa jino la muda siku hiyo hiyo, lakini hilo anaamua aliyeushika mfupa wako kwa mkono, sio mimi wala shemeji. Na kama kuna sigara humo ndani ya nyumba, isiwe mdomoni kwako.

SWALI: Mama ana meno bandia ya juu na chini, ya chini yanaruka akicheka. Gundi tumechoka nayo.

JIBU: Ya juu yana paa la mdomo la kunyonya, ya chini yamekalia kamstari tu ka fizi na ulimi unayasukuma kila saa, hapo gundi itafanya nini? Mwaka 2002 wataalamu walikutana chuo cha McGill, Kanada, wakakubaliana kwamba taya la chini lisilo na jino hata moja, chaguo la kwanza liwe meno ya kuvaa yanayoshikiliwa na implanti mbili. Mbili tu. Yanabana kama vifungo vya kubonyeza vya shati, anayavua usiku anasafisha. Vile viplastiki vya ndani vinachakaa, akianza kusikia yanalegea arudi abadilishiwe, asirudi kwenye gundi.