Kuota huku unajua unaota: mimi ilinirudisha kwenye feri

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama kujifunza kujijua ndani ya ndoto kunaweza kweli kubadilisha mtu anavyoyaona maisha, ama ni burudani ya usingizini tu. La pili, kama mamako ana haki kukukataza kwa kuwa anaona huko ni kuchezea majini na mashetani. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwa hivyo nivumilie, itakuwa ndefu. Jambo hili nalifanya tangu Ramadhani ya 2019.

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Mombasa, karibu na Biashara Street. Kazi yangu kubwa ni leso, yaani kanga. Mama ananunua doti dukani, anavuka barabara, ananipa nikate vipande viwili na kupiga pindo. Wiki ya kuelekea Idi mikono yangu inapitisha doti thelathini, arubaini kwa siku. Kila leso ina jina lake, yaani msemo wake, limeandikwa chini, na mimi kila jina nalisoma. Lishike hilo la majina, nitalirudia.

Nimezaliwa Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Feri ya Mtongwe ilipopinduka Ijumaa ya 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, nilikuwa na miaka tisa. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa akimsuka dadangu nywele, alikuwa ndani. Ajali yenyewe sikuiona. Nilichokiona ni watu wazima wakiteremka mbio kuelekea majini, na jioni viatu vimejaa mlangoni kwa yule jirani mpaka hakuna pa kukanyaga.

Ndoto ilianza mwaka huohuo. Niko kwenye feri, imejaa hata bega halina pa kugeukia. Inaanza kulala upande. Nakimbilia upande uliobaki juu, chuma kinateleza, watu wananishika nguo, sifiki. Naamka moyo unadunda, shuka limelowa. Utotoni ilikuja karibu kila wiki, ukubwani mara mbili tatu kwa mwezi. Nilipooa nikahamia kisiwani, Majengo, na feri nikaipa mgongo. Mamangu yuko ng'ambo, Likoni, mwendo wa dakika chache wa maji, nami nilikuwa nikimwona kwake mara mbili kwa mwaka, Idi hii na Idi ile. Siku nyingine zote nilimwambia aje yeye. Mama wa miaka sitini na kitu apange foleni juani kwa sababu mwanawe wa kiume anaogopa. Watu niliwaambia kazi ni nyingi, na yeye pia nilimwambia hivyo. Hilo bado linaniuma.

Sasa, Ramadhani ile niligundua kwamba ndoto zangu baada ya daku zilikuwa nzito kuliko za usiku. Nakula, naswali alfajiri, najilaza tena mpaka saa mbili, na huko ndiko kunakotokea mambo. Nilidhani ni tumbo limejaa. Kijana mmoja mteja wangu, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyenieleza. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika tisini, na kila mzunguko una kipindi ambacho macho hucheza chini ya kope. Humo ndimo ndoto nyingi zilizo wazi hutokea. Kipindi hicho kilitambuliwa Chicago mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman. Mwanzo wa usiku ni kifupi, alfajiri hurefuka. Kwa hivyo anayeamka saa kumi, akakaa macho kidogo, kisha akalala tena, anarudi pale pale penye ndoto nyingi. Waislamu wa mji huu tunafanya hivyo mwezi mzima kila mwaka bila kujua tunafungua mlango gani.

Akaniambia pia kwamba mtu anaweza kujua anaota huku akiendelea kuota. Sikumwamini. Akanieleza jaribio la 1975, Hull, Uingereza. Mwili ukiwa kwenye usingizi wa ndoto misuli hulegea kabisa, lakini macho bado yanaweza kucheza chini ya kope. Basi mtafiti Keith Hearne alipatana na mtu mmoja, Alan Worsley, kwamba akijijua ndotoni azungushe macho kushoto na kulia kwa hesabu waliyokubaliana. Worsley akalala, waya kichwani, na alama zikaja kwenye karatasi ya mashine huku mashine hiyohiyo ikionyesha kwamba bado amelala. Miaka michache baadaye mtafiti mwingine, Stephen LaBerge, akathibitisha vilevile Stanford, Marekani. Na baadaye, mimi nikiwa nimeshaanza, mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walichapisha kwamba waliwauliza maswali watu waliolala, na baadhi wakajibu. Mmoja aliulizwa nane toa sita, akajibu mbili kwa macho, akiwa usingizini. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Nilivyojifunza ni hivi. Nilinunua daftari la mraba, nikaliweka chini ya mto. Kila nikiamka naandika nilichoota kabla sijanyanyuka, hata kama ni neno moja. Wiki mbili za mwanzo nilipata mistari mitupu: "mkasi umepotea", "harusi, sijui ya nani". Baadaye kurasa zilijaa. Baada ya alfajiri nikijilaza, najisemea polepole, kwa nia, "nikiota tena nitakumbuka kwamba naota", huku najiona nimo kwenye ndoto iliyopita na naitambua. Njia hiyo ni ya LaBerge.

Mchana ndio penye kazi hasa. Inakubidi ujiulize, kwa dhati, "hivi saa hii naota?", kisha upime. Maandishi ndotoni hayatulii: ukisoma, ukaangalia pembeni, ukarudi, yamebadilika. Wengine huangalia saa. Mimi nilikuwa na leso. Kila doti iliyofika mkononi nililisoma jina, nikainua macho barabarani, nikalisoma tena. Kipimo cha pili ni kuziba pua na kuvuta pumzi. Ukiwa umeamka kweli, haipiti. Ndotoni inapita.

Wiki ya sita, niko dukani kwangu ndotoni, mama mmoja ananipa leso imeandikwa WEMA HAUOZI. Nikainama kuokota mkasi. Nilipoinuka imeandikwa WEMA HAUKOZI. Nikaziba pua, pumzi ikapita. Ndugu yangu, siwezi kukueleza. Ile nyekundu ya leso ilikuwa nyekundu kuliko nyekundu. Nilifurahi mpaka nikaamka pale pale. Baadaye nilijifunza kwamba ukijijua usishangilie, sugua viganja vyako na uviangalie, ndoto itakaa.

Nilipaa, ndiyo. Nilipita juu ya Fort Jesus nikaona bahari yote. Ni raha kubwa, na miezi ya mwanzo nilikuwa nalala kwa ajili ya hiyo tu. Nikaanza kuchelewa kufungua, saa tatu, saa nne, wateja wamekaa barazani na doti zao mapajani. Mke wangu akaniambia wazi kwamba nimeanza kuishi usingizini. Alisema kweli, nikajiwekea mpaka: siku za kazi sirudi kulala.

Feri ilikuja Oktoba. Mbele yangu kuna mwanamke amejitanda leso, jina liko mgongoni: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Chuma kikaanza kuinama. Watu wakaanza kusukumana. Nikasoma tena, kwa mazoea ya mchana tu, na herufi zilikuwa zinatambaa kama sisimizi. Nikaziba pua. Ikapita. Nikajua: hii ni ile.

Nataka uelewe vizuri hapa. Hofu haikuondoka. Miguu yangu ilikuwa bado inataka kukimbia, moyo uko kooni, kila kitu kama siku zote. Kilichozidi ni kijinafasi kidogo, mimi huku na hofu kule, tunatazamana. Na katika kijinafasi hicho nilifanya jambo ambalo kwa miaka ishirini na mitano sikuwahi kulifanya: nilikaa chini. Nilikaa juu ya chuma, nikahisi injini inatetema chini yangu. Maji yakaja, vuguvugu, kama ya mtungi ulioachwa juani. Yakafika kifuani, yakapita mdomo. Nikavuta pumzi ndani yake. Karibu yangu mzee mmoja na kapu la maembe, ametulia kabisa. Kisha feri ikajiinua taratibu, hakuna aliyelowa, na watu wakaanza kuteremka. Yule mwenye leso akatangulia. Uso wake sikuuona, na sikumfuata. Niliamka shuka likiwa kavu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Likoni peke yangu. Pale tunapokusanywa kabla mlango haujafunguliwa, miguu ilitaka kukimbia, na nikaijua. Hofu ile ile, kwa uzito ule ule, niliyoikalia juzi juu ya feri ambayo haipo. Hapo ndipo kitu kilipogeuka ndani yangu. Tangu utoto nilikuwa nachukulia kwamba nikiogopa hivi basi hatari ipo. Sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hofu kamili, yenye jasho na moyo kudunda, inaweza kuwaka pasipo na kitu. Kuogopa kwangu si ushahidi. Hatari inabidi uiangalie yenyewe. Ndani ya feri kulikuwa na dada mbele yangu, nikaisoma leso yake, nikatazama maji na kunguru juu ya reli, nikaisoma tena. Haikubadilika. Tukavuka.

Mamangu alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Aliponiona akaiacha nazi, akasema, "Kuna msiba?" Kwa kuwa si Idi. Sasa nakwenda kila baada ya Jumamosi moja. Ndoto ya feri imerudi mara mbili tu tangu hapo, na zote nilikaa chini.

Mengine yaliyobadilika ni madogo, lakini ya kila siku. Mtu anayejiuliza mara kumi kwa siku kama yuko macho anaanza kuangalia kweli. Kuna ukuta mbele ya cherehani yangu niliokaa nao miaka kumi na moja bila kujua kwamba asubuhi unakuwa rangi ya kashata. Na hasira pia. Mama wa bibi harusi akinifokea kuhusu mkono wa gauni, ile ya kutaka kujibu naiona inavyopanda kabla haijafika mdomoni. Si kila mara. Lakini zamani ilikuwa sijui hata mara moja.

Kuhusu mamako. Usimdharau, na usimfiche. Mimi nilikwenda kwa ustadhi aliyenisomesha madrasa nikamweleza yote. Akanikumbusha yaliyopokewa katika hadithi, kwamba ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, ya kutia huzuni kutoka kwa shetani, na ile ya mtu kuzungumza na nafsi yake. Akaniambia: ukiona mbaya tema mate kidogo kushoto mara tatu, jikinge kwa Mungu, geuka ubavu wa pili, na usijidai umeonyeshwa ya ghaibu. Nimeshika hayo yote. Ndiyo maana simwambii mtu kwamba nilikutana na jirani yetu. Niliota leso.

Huenda mamako anaogopa jinamizi, na hapo ana sababu, kwa sababu ukivurugavuruga usingizi linaweza kukujia. Ni hivi: akili imeamka lakini ule ulegevu wa misuli wa usingizi wa ndoto bado haujaachia, ndiyo unajihisi umekabwa, kifua kizito, na mtu amesimama mlangoni. Mimi lilinikaba mara tatu mwaka ule wa kwanza. Haliui. Usipigane nalo, vuta pumzi taratibu, jaribu kucheza kidole kimoja cha mguu, litaachia. Mwambie mamako hivyo hivyo.

Na kama wewe ama mtu wa kwenu amewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kusikia au kuona visivyokuwepo, usianze jambo hili kabla hujaongea na daktari. Hapo sina mzaha. Vilevile usiikate saa ya kulala ukaenda kazini huku unasinzia. Anza na siku ambazo huna pa kuwahi.

Usianze na kupaa. Anza na daftari, wiki mbili nzima, hata kama hupati kitu. Ukiamka usigeuke, usishike simu, baki ulivyolala ubavu ule ule, kwa sababu ukijigeuza tu ndoto inamwagika. Vuta uliloliona mwisho, litakuja na la kabla yake. Kisha tafuta maandishi unayokutana nayo kila siku bila kuyatafuta, kama mimi na leso: bango la matatu yako, jina la duka, chochote, na uwe unayasoma mara mbili.