Maswali ya Jikoni: Kitimoto Tamu ya Kifilipino kwa Chai ya Asubuhi

*Mama, shikamoo. Mume wangu alifanya kazi kwenye meli ya mizigo, na mpishi wao alikuwa Mfilipino. Tangu arudi anaisifu nyama ya nguruwe nyekundu, tamu, waliyokuwa wakila asubuhi kwa wali na yai. Nililoweka steki kwenye sukari na chumvi usiku kucha, kisha nikaikaanga kama tunavyokaanga kitimoto siku zote. Nje ikawa nyeusi, ndani mbichi. Nimekosea wapi?*
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Marahaba mwanangu. Kuloweka uliloweka vizuri, kosa liko kwenye moto. Nyama hiyo inaitwa tocino, tamka tosino, na sukari iliyomo huungua mapema sana kabla nyama haijaiva. Kwa hiyo haianzi na mafuta, inaanza na maji. Ukishika hilo, mengine yote ni mepesi.

Mimi nilifundishwa na sista Mfilipino aliyekuwa jirani yetu Kiborloni. Kwao ni Pampanga, mkoa ulio kaskazini-magharibi mwa Manila, na watu wa huko wanajulikana nchi nzima kwa upishi. Jina la chakula waliachiwa na Wahispania, waliotawala Ufilipino tangu 1565 hadi 1898, lakini utamu ni wa kwao wenyewe: Pampanga ni nchi ya miwa. Sisi wa Moshi hilo hatuhitaji kuelezwa, mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC tunayaona kila tukiteremka Arusha Chini.

Kwa kilo moja ya nyama, tumia sukari ya kahawia robo tatu ya kikombe, chumvi vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, soya sosi vijiko viwili vya chakula, siki kijiko kimoja cha chakula, juisi ya nanasi nusu kikombe, punje tano za kitunguu saumu zilizotwangwa, na pilipili manga kidogo. Kama huna soya sosi, ongeza chumvi kijiko kimoja cha chai.

Nyama chukua ya bega, yenye mafuta yaliyopita katikati. Steki tupu ya paja, ambayo muuza bucha atataka kukupa akidhani anakupendelea, hukauka na kuwa ngumu. Mafuta ndiyo yatakayoikaanga mwishoni, usiyakate. Iweke kwenye friza kama saa moja hivi ishikamane, halafu ikate vipande vyembamba, unene wa nusu sentimita, ukikata kukingama na nyuzi za nyama.

Nanasi nalo lina jambo lake. Ndani ya nanasi bichi mna kimeng'enya kinachovunja protini. Saa moja kinalainisha nyama vizuri. Usiku mzima kinaifanya iwe uji kwa nje. Kwa hiyo kamua juisi yako, ichemshe dakika tano, iache ipoe kabisa, ndipo uimimine. Juisi ya boksi imeshapitishwa kwenye moto kiwandani, haina shida hiyo, ila angalia isiwe imeongezwa sukari nyingi ukajikuta na peremende.

Changanya kwa mkono, uminye kila kipande kipate. Sista alikuwa na desturi ambayo sijaiacha mpaka leo: kabla ya kufunika bakuli, kaanga kipande kimoja kidogo, kiive kabisa, uonje. Chumvi ikipungua utaongeza sasa, kesho umechelewa. Funika, weka kwenye friji. Usiku mmoja unatosha, siku mbili ni bora zaidi, na isipite siku ya tatu bila kupikwa au kugandishwa.

Sasa asubuhi. Panga vipande kwenye kikaango, visilaliane. Mimina maji yafike nusu ya unene wa nyama. Moto wa wastani, usifunike. Maji yatachemka, nyama itaiva humo taratibu, dakika kumi hadi kumi na tano, na utaona maji yanageuka kuwa rojo. Yakikaribia kukauka, mafuta ya nyama yenyewe yatakuwa yametoka; ongeza kijiko kimoja cha mafuta kama ni machache. Hapo punguza moto sana. Kwa jiko la mkaa, toa makaa mengine kabisa, kwa sababu mkaa hauna swichi. Geuza kila mara, usiondoke hata kwenda kufungua geti. Dakika tatu nne tu, sukari itaishika nyama na kung'aa, kingo zikianza kuwa kahawia iliyokolea. Epua. Usisubiri iwe nyeusi ndipo useme imeiva. Iliiva tangu kwenye maji.

Na wali uwe kiporo, huu ndio utaratibu wao. Kaanga vitunguu saumu vingi mpaka viwe rangi ya dhahabu, weka wali wa jana ulioupukuchua, nyunyiza chumvi. Yai la kukaanga juu, nyanya mbichi pembeni na siki kidogo ya kuchovya ili kukata utamu. Mume wako atakaa kimya mpaka amalize.

*Mama, ile rangi nyekundu inatoka wapi? Na nimesoma kwamba lazima itumike chumvi ya pinki. Ninayo ya Himalaya, nitumie hiyo?*
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Hapana, na nakuomba usome jibu hili mpaka mwisho. Chumvi inayosemwa ni chumvi ya viwanda vya soseji, iliyochanganywa na naitraiti, kemikali ya kuhifadhi nyama na kuipa wekundu, kwa kawaida asilimia 6.25. Inatiwa rangi ya pinki makusudi ili mtu asiidhanie chumvi ya mezani, maana ikizidi ni sumu. Kipimo chake ni kama gramu mbili na nusu tu kwa kilo ya nyama, na hicho si kitu cha kukadiria kwa kijiko. Unahitaji mizani ndogo. Chumvi ya Himalaya ni chumvi ya kawaida yenye rangi ya mawe yake, haifanyi kazi hiyo hata kidogo. Na asikudanganye mtu kuchukua mbolea ya chumvichumvi dukani.

Nyumbani kwangu siiweki kabisa. Tunakula ndani ya siku tatu na friji ipo, basi chumvi ya mezani inatosha. Nyama itakuwa na wekundu wa sukari iliyokolea badala ya ule wa kung'aa, na ladha hutaikosa. Ukitaka wekundu, Wafilipino wanatumia mbegu ambazo wenzetu wa Zanzibar wanaziita zingefuri. Mtu akienda huko muagize. Pasha mafuta kidogo kwa moto mdogo pamoja na mbegu mpaka yawe mekundu, chuja, changanya na nyama. Mafuta yakiwa moto sana mbegu zinakuwa chungu.

*Shikamoo mama. Sina friji. Babu yetu alikuwa akining'iniza nyama juu ya moshi wa jiko na hakuna aliyeumwa. Siwezi kuiacha tu na sukari na chumvi mpaka kesho?*
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Marahaba. Usiiache. Babu aliikausha nyama kwa moshi na joto. Hii yetu inabaki mbichi na yenye maji, na chumvi ya kiasi hiki haiwezi kuilinda kwenye joto la Moshi, hasa Januari na Februari. Fanya hivi: nenda bucha alfajiri, ikate nyembamba, iloweke nusu saa hadi saa moja na juisi ya nanasi isiyochemshwa, maana kwa muda huo mfupi inakusaidia. Kisha pika palepale kwa njia ya maji. Haitakolea kama ya siku mbili, lakini ni chakula kizuri na salama.

Na wote, wenye friji na wasio nayo, nunueni nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Tegu wa nguruwe yupo kaskazini hii, watafiti wamemkuta Mbulu na kwingineko. Ukiona vilengelenge vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, irudishe. Kuikoleza kwa sukari na chumvi hakuui kitu hicho, moto ndio unaoua. Mtu akila nyama hiyo haijaiva anapata mnyoo tumboni, na mayai ya mnyoo huyo, yakitoka chooni yakafika kwenye chakula au maji ya mtu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Nimeona familia zikimfungia mtoto ndani kwa aibu ya kifafa na kuita ni kurogwa. Mpelekeni hospitali.

*Mama mkwe wangu ni Msabato na anakuja wiki nzima. Kuna namna?*
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Ipo, na si ya kubahatisha, Wafilipino wenyewe wanaipika kwa kuku. Tumia mapaja ya kuku wa kisasa yaliyotolewa mfupa, viungo vilevile, usiku mmoja tu. Maji weka machache, kwa kuwa kuku anatoa ya kwake. Mafuta ongeza vijiko viwili, hana ya kutosha. Na kikaango kiwe ambacho hakijawahi kupikiwa kitimoto. Kama huna, azima kwa jirani kabla hajafika, umwambie mkwe wako mwenyewe kwamba umefanya hivyo ili ale kwa amani.