Kabla ya kujibu "ndiyo au hapana" kazini

Maamuzi magumu kazini huletwa mezani yakiwa yameshakatwa vipande viwili: tumfukuze au tumvumilie, tuahirishe au tuendelee. Mimi siku hizi huanza kwa kuuliza kila upande unaogopa nini.

Tulikuwa tunahamia mfumo mpya wa mishahara. Uongozi ukasema tarehe haibadiliki, mafundi wakasema mfumo bado. Sauti zikaanza kupanda. Nikawauliza viongozi: tukichelewa, kitaharibika nini hasa? Kumbe mkataba wa mfumo wa zamani ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na kuuongeza lazima ulipie mwaka mzima. Mafundi nao, walipobanwa, hofu yao ilikuwa moja tu: hesabu za saa za ziada. Basi wenye mshahara usiobadilika wakaingia mfumo mpya tarehe ileile, na wafanyakazi wa zamu wakakokotolewa kwa Excel mpaka hesabu zilipokaa sawa. Mhasibu alinung'unika, na alikuwa na haki, maana mzigo ulimwangukia yeye. Ila mishahara ilitoka.

Mary Parker Follett, mwanafikra wa uongozi wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1925 kwa kisa cha maktaba. Mwenzake alitaka dirisha lifunguliwe, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua la chumba cha pili, kisichokuwa na mtu. Yule alikuwa anataka hewa tu, na Follett hakutaka upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja. Hayo si maridhiano ya nusu kwa nusu, na Follett mwenyewe aliyatofautisha. Dirisha likiachwa nusu wazi, wote wawili wanabaki na kero. Lakini vikaoni nusu kwa nusu ndiyo inayopendwa, kwa sababu inamaliza kikao mapema. Sisi tungesogeza tarehe wiki mbili, tungelipia mkataba wa mwaka mzima na pengine hesabu zingekuwa bado.

Yapo mambo ambayo kweli yana pande mbili tu. Mashine ikihatarisha watu, izimwe. Kutafuta njia ya tatu hapo ni kukwepa.

Na bosi akitaka jibu papo hapo? Huwa naomba muda hadi kesho yake asubuhi, na mara nyingi napewa. Ikishindikana, natoa jibu lenye mipaka: "Ndiyo kwa hawa; wale bado, na sababu ni hii."