Nilizima apdeti za Windows miezi minane, haya ndiyo yaliyonikuta

Mkuu mleta mada, umeuliza kama uzime apdeti za Windows moja kwa moja, maana jana zimekumalizia bando la GB 5 kabla ya saa nne asubuhi. Hasira hiyo naijua. Nina steshenari karibu na chuo hapa Morogoro, kompyuta tatu, na intaneti yetu ni ya kamodemu ka laini ya simu. Kila MB naijua bei yake.

Mimi nilizima kwa sababu ya msimu wa wanafunzi kuomba mkopo wa chuo mtandaoni. Siku ya mwisho, foleni imetoka hadi barazani, dogo mmoja amefika kwenye kuambatanisha vyeti, mara mashine ikajizima yenyewe na kuanza kuhesabu asilimia. Ikafika 27 ikaganda. Dogo ananitazama mimi, mimi naitazama 27. Usiku huohuo nikazima huduma ya Windows Update kwenye mashine zote tatu, nikaishi kwa raha miezi minane.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Defender, ile antivirusi inayokuja na Windows, kwa kawaida hupokea taarifa za virusi vipya kupitia mlango huohuo. Nilidhani nimefunga bomba la mafaili makubwa, kumbe mlinzi wa getini nimemwacha na picha za wezi wa mwaka jana. Kialama cha onyo kilikuwepo pale chini muda wote. Nilikizoea kama mlio wa feni.

Basi mteja mmoja akaja na flashi ya kuchapisha ripoti. Unavijua vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati? Ukibofya shotikati, umevikaribisha. Kuanzia hapo kila flashi iliyochomekwa kwangu iliondoka navyo. Nilikuja kujua pale dada mmoja aliporudi na kuniambia mbele ya watu, "Kaka, flashi yangu ilikuwa nzima mpaka nilipokuja kwako." Mafaili hayakuwa yamepotea, yalifichwa tu, na amri ya attrib iliyafichua. Lakini nilisafisha flashi za watu bure wiki mbili, na wapo waliohamia duka la ng'ambo ya barabara hadi leo.

Halafu hivyo vyangu ni virusi vya kitoto. Mei 12, 2017 WannaCry ilifunga mafaili ya watu dunia nzima na kudai dola 300 kwa bitcoin. Uingereza hospitali zikaahirisha miadi ya wagonjwa. Haikuhitaji mtu abofye chochote, ilijirusha yenyewe mashine hadi mashine. Ilipitia tundu la usalama kwenye Windows, na kiraka, yaani apdeti ya kuliziba tundu lile, Microsoft walikitoa Machi 14, karibu miezi miwili kabla!

Upande wa pili nao una hoja, sibishi. Julai 19, 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, na ndege zikabaki chini. Kwa hiyo ile ya "apdeti ikitoka tu, weka" mimi siifuati. Viraka vya Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi. Mimi nasubiri hadi Jumamosi nisikie kama kuna waliolia.

Ninavyofanya sasa: kwenye mipangilio ya Wi-Fi nimeiambia mashine kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, hivyo mafaili makubwa hayajishushi hovyo. Ila hapo na taarifa za virusi zinaweza kukwama, kwa hiyo kila asubuhi nafungua Windows Security na kuzivuta kwa mkono. Jumamosi nanunua bando la usiku, naondoa kile kizuizi, na mashine ya kwanza ikishashusha, ya pili inachota kwake. Chaguo hilo lipo, ila liweke kwenye mtandao wa ndani pekee, la sivyo utawagawia watu usiowajua bando lako. Saa za kazi nimeweka saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, isijiwashe upya mbele ya mteja. Msimu wa mkopo ukifika nasitisha kabisa. Inaruhusu hadi siku 35.

Kama mashine yako ni ya Windows 10, jua kwamba viraka vya kawaida vilikoma Oktoba 14, 2025. Watu binafsi waliojiandikisha kwenye nyongeza ya usalama walipewa hadi Oktoba 2026. Moja ya zangu, ile ya tatu, haina TPM 2.0, kichipu cha usalama, Windows 11 imeikataa, sasa inachapisha tu na intaneti haiijui.

Na kabla hujazima chochote, fungua orodha ya matumizi ya data uone kama ni apdeti kweli. Kwangu mwezi uliopita mla bando alikuwa kijana wangu wa kaunta na video za mpira.